Mwaka Nilioisahihisha Barua ya Mama Pascal

Siku tulipomzika Ticha Byamungu, mwanamume mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake alisimama mbele ya jeneza akasoma hotuba kwa Kiingereza. Alivaa koti lililomzidi mabega. Sentensi ya kwanza ilikuwa na makosa mawili, ya pili matatu. Nilihesabu, kwa sababu mimi sijawahi kuacha kuhesabu. Ni ugonjwa nilioupata nikiwa na miaka ishirini na miwili na nitakufa nao. Tulikuwa pale watu saba au wanane tuliopitia chumba chake cha masomo mtaani Kavimvira, Uvira, wote tumeota mvi, na niliwaona wenzangu wakikunja vidole juu ya paja kisha wakivikunjua. Hakuna aliyegonga. Zamani tungegonga mpaka benchi lilie. Yule bwana alimaliza hotuba yake, akasema Ticha alikuwa ametufungulia mlango wa dunia, watu wakaitikia Amina kwa sababu ya sauti yake, maana wengi hawakuelewa neno. Mimi nilielewa yote, nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Nieleze huko kugonga. Chumba cha Ticha kilikuwa stoo ya saruji kabla hakijawa darasa, na hata baada ya kufagiwa mara mia, ukikaa kwenye benchi la nyuma uliinuka na sketi nyeupe. Ubao ulikuwa plaiwudi iliyopakwa weusi wa betri zilizopasuliwa, uliopondwa na majani ya muhogo, na kila baada ya wiki chache tuliupaka upya nje uani, mikono yote ikawa myeusi, na Ticha akatupa Kiingereza cha kila kitu tulichokishika. Dirisha lilikuwa moja, linatazama upande wa mpaka, kwa hiyo masomo ya saa tisa mchana yalichanganyika na honi za malori yanayosubiri na maneno ya wanawake wanaovuka kutoka Burundi na nyanya kichwani, wakigombana kwa Kirundi na askari wa baryeri, kizuizi cha mpakani. Mwanafunzi akisimama kusoma sentensi aliyoandika nyumbani, wengine walisikiliza wakiwa wamekunja ngumi. Kosa moja, benchi linagongwa mara moja. Makosa matatu, mara tatu. Ticha hakuwa mkali, ndiye mtu mpole kuliko wote niliowahi kufanya kazi nao, lakini aliamini mkono unakumbuka kuliko sikio. Tulicheka sana. Tulimcheka mzee aliyeandika kwamba anaiamuru ofisi impokee, maana alitaka kuomba na Kifaransa kikampa neno lisilo lake. Tulimcheka msichana aliyesema anayo miaka kumi na tisa kama mtu anayesema anayo mbuzi kumi na tisa. Sasa nikifikiri, naona tulikuwa watu waliopoteza karibu kila kitu, tunagonga meza juu ya vitu hivyo vidogo.

Kwa maana hakuna aliyekuja pale kujifunza Kiingereza kwa raha. Wote walikuwa na barua ya kuandika. Miaka ile bonde la Ruzizi lilikuwa limetoka kwenye vita na kurudi na kutoka tena, na kila familia ilikuwa na mtu aliyepotelea ng'ambo: kwenye kambi, na baadaye kwenye nchi za mbali zenye baridi. Kulikuwa na ofisi upande wa pili wa mpaka iliyokuwa ikipokea maombi ya watu wanaotaka kuungana na watu wao. Ofisi hiyo ilipokea barua kwa lugha yoyote, hata Kiswahili, na ilikuwa imeandika hivyo ukutani. Lakini Uvira nzima iliamini kwamba barua ya Kifaransa inalala mezani, ya Kiswahili haifunguliwi kabisa, na ya Kiingereza safi inatembea. Sijui imani hiyo ilianzia wapi. Ticha aliiamini, nami niliiamini, na nilikuwa na sababu, kwa kuwa Kiingereza nilichojifunzia kambini Tanzania ndicho kilichonipa kazi, chumba na chakula. Nilikuwa msaidizi wake. Yeye alisahihisha kwa biki nyekundu, mimi kwa biki ya kijani. Nilijiona mtu mkubwa sana na hiyo biki ya kijani.

Mama Pascal aliingia darasani mwanzoni mwa mvua, amebeba ndoo tupu ambayo asubuhi ilikuwa na mchele wa Sange. Alikuwa na kama miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye sauti nzito, na alikaa karibu na mlango kama mtu ambaye anaweza kuitwa wakati wowote. Habari zake tulizijua siku hiyohiyo, kwa kuwa Ticha alimwuliza kila mgeni anataka kumwandikia nani. Risasi zilipolia kwao Sange alikuwa mashambani, kwenye mpunga. Dada yake mkubwa aliwachukua watoto wake wawili, Pascal na Nyota, akakimbia nao mpaka Burundi, kisha kambini, na kambini akawaandikisha kama watoto wake wa kuzaa, kwa kuwa aliogopa wangetenganishwa naye. Miaka miwili baadaye wote watatu walipandishwa ndege. Sasa dada alikuwa mbali huko na karatasi zinazosema yeye ndiye mama, na aliogopa kubadilisha alichokisema. Ofisi ilimwambia Mama Pascal alete maelezo yake mwenyewe, yeye ni nani kwa watoto hao, na ayaeleze kwa maneno yake. Barua ilikuwa moja tu. Ikikataliwa, dosiye, yaani faili lake, inafungwa.

“Ticha, minye sikusoma sana,” alisema. “Lakini kama batoto bangu bako mu Kingereza, basi nitabafuata mule mule.”

Ticha aliondoka kwenye ubao akaenda kumsogezea kiti. Alitaka asome kidogo kila siku, aandike mwenyewe, halafu sisi tusahihishe. Na Mama Pascal alisoma. Sijaona mtu aliyesoma vile. Alikuja kwa miguu na ndoo yake, alikula pamoja nasi mlo wa mchana nyuma ya darasa, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, na hata akimega tonge alikuwa akitaja jina la kitu hicho kwa Kiingereza, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akila sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliisukuma sahani kando kidogo. Mara ya kwanza nilidhani chumvi imezidi. Kumbe Nyota alikuwa ameungua mguu wa kushoto kwa sufuria ya sombe alipoanza kutambaa, na kovu lilifanana na jani. Alinionyesha umbo lake kwa kidole kwenye vumbi la saruji. Pascal naye, alisema, hakupata usingizi mpaka ashike sikio la mama yake, na akilala alilikamua kama anayekamua chungwa. “Sikio hili,” aliniambia, akalivuta. “Hata sasa linawasha saa ya kulala. Weye utaniona mujinga.”

Ilipofika zamu yake ya kusoma barua mbele ya darasa, alisimama na karatasi mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Naikumbuka sentensi moja neno kwa neno, na kama ningekuwa na uwezo ningemwombea mtu mwingine aikumbuke badala yangu. Aliandika: “My son Pascal he don't sleep if he don't catch my ear.” Alitaka kusema mwanangu halali asiposhika sikio langu, na hivyo ndivyo alivyosema, kila mtu angemwelewa. Tuligonga mara tatu. Akaendelea na mguu wa Nyota, ambao katika Kiingereza chake ulikuwa na moto ndani yake upande wa kushoto. Tukagonga tena, na mtu nyuma akacheka. Mama Pascal hakuketi. Alitutazama sote, mmoja mmoja, kwa mshangao wa kweli.

“Banagonga juu ya nini?” aliuliza. “Ile ni ukweli.”

“Ukweli ni ukweli, Mama Pascal,” Ticha alimjibu taratibu, “lakini iko na makosa. Feza atakusaidia.”

Feza ndiye mimi. Ticha wiki ile alikuwa na malaria, alifundisha akiwa amejifunika kitenge, kwa hiyo aliniachia barua zote zilizokuwa tayari kwenda, na pamoja nazo daftari. Daftari hilo lilikuwa mali yake ya thamani kuliko zote. Ndani yake alikuwa amenakili, kwa mwandiko wa mtawa, sentensi kutoka barua za watu waliofanikiwa, zikiwa zimesafishwa na kupewa namba. Ya tisa ilihusu unyenyekevu wa mwombaji. Ya kumi na nne ilisema nawapenda wanangu kwa moyo wangu wote na siwezi kuishi bila wao. Alinifundisha kuzitumia pale sentensi ya mtu inapokuwa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka.

“Sentensi yenye ilisha kuvuka mupaka inajua njia,” aliniambia, meno yakigongana kwa homa. “Usisumbuke. Mupe yenye inajua njia.”

Ningeweza kuisahihisha ile ya sikio. Leo ninaweza kuisahihisha nikiwa usingizini, ni maneno matatu ya kurekebisha, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu angeifanya kwa dakika moja. Lakini wakati ule sikuwa na uhakika na kitenzi, na nilimwonea haya Ticha kumwuliza, mimi mwenye biki ya kijani. Zaidi ya hapo, niseme ukweli wote, niliona ni mambo ya jikoni. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu wa ofisini, mwenye miwani na kiyoyozi, asome habari za sikio na sufuria ya sombe? Nikalifuta sikio. Nikaufuta mguu. Nikaweka ya kumi na nne, na ya tisa, na nyingine tano au sita, na barua ikawa ukurasa mmoja unaong'aa. Nilijivunia. Niliisoma kwa sauti peke yangu chumbani, nikiwa nimesimama, na mkono wangu haukupata pa kugonga.

Nilipompa Mama Pascal aliisoma pole pole, kidole kikifuata mistari. Kufikia wakati huo aliweza kuelewa sehemu kubwa. Alifika mwisho, akaigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

“Iko muzuri sana,” alisema. “Lakini Pascal iko wapi?”

“Yumo. Pale, nawapenda wanangu. Ni yeye na Nyota.”

“Na sikio?”

“Ile ilikuwa na makosa, Mama Pascal. Nimeondoa makosa tu.”

Alinitazama nami nikamtazama, na kwa muda mfupi nilidhani atabisha. Laiti angebisha! Lakini mimi ndiye niliyejua Kiingereza, na yeye alikuwa ametembea miezi mitano na ndoo ili apate watu wanaojua Kiingereza. Aliinakili barua yangu kwa mkono wake, maana ofisi ilitaka mwandiko wa mwombaji, akainakili bila kukosea hata nukta, akaivusha mpakani kesho yake asubuhi akiwa amevaa gauni la kanisani.

Kilichofuata ni kungoja, na kungoja kuna nafasi yake kubwa katika mwaka ule. Kila Jumatatu Ticha alivuka kwenda kutazama orodha za majibu zilizobandikwa, na kila Jumatatu Mama Pascal alinikuta mlangoni kabla hajatua ndoo. “Iko jibu?” Nami nikasema, “Bado, Mama Pascal.” Aliendelea kusoma hata baada ya barua kwenda. Alisema hataki kufika kule awe bubu mbele ya watoto wake. Alijifunza kusema lala, oga, njoo ule, nani amekupiga, na wanafunzi wengine waliacha kumgonga hata alipokosea, bila mtu yeyote kuwaambia. Mvua zilikwisha. Ziwa lilitulia, mikeke, samaki wa ziwa letu, ikawa mingi sokoni, tukala samaki wa kuchoma darasani na Ticha akatufundisha neno la mfupa. Huo ndio ulikuwa wakati mzuri wa mwisho chumbani mle.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza na Ticha ndiye aliyelileta. Alinisomea mimi kwanza, uani, karibu na bakuli la weusi wa betri. Lilisema kwamba maelezo ya mwombaji yana sentensi zinazofanana neno kwa neno na za waombaji wengine waliopokewa mwaka huo, na kwa hiyo ofisi haiwezi kuamini kuwa ni maneno yake. Lilisema pia kwamba katika maelezo hayo hamna jambo hata moja kuhusu watoto ambalo mama mzazi peke yake angelijua. Dosiye imefungwa. Niliomba anisomee tena sehemu ile ya pili, akanisomea. Sikulia. Nilikwenda ndani nikatafuta karatasi zake mbili za kwanza, zile za herufi kubwa, nikitumaini sijui nini. Nilizikuta chini ya daftari, sikio na mguu vimepitiwa na mistari yangu ya kijani, nadhifu, kwa rula.

Mama Pascal alipofika Ticha hakuniacha nifungue mdomo. Alimkalisha kwenye kiti kilekile, akapiga magoti kwenye saruji mbele yake, mtu mzima yule, akamweleza.

“Ni minye nilisahihisha,” alisema. “Feza hakugusa. Daftari ni yangu, kosa ni yangu.”

Nami nilinyamaza. Nilisimama nyuma ya ubao nikiwa na miaka ishirini na miwili na nikanyamaza. Mama Pascal hakupiga kelele. Alimwambia Ticha ainuke, atachafua suruali. Kisha akachukua ndoo akatoka, na sikumwona tena mpaka juzi. Habari zilienea Kavimvira yote kabla jua halijazama: Kiingereza cha Ticha kinafunga milango. Benchi zikabaki tupu, moja baada ya nyingine. Mimi niliondoka mwisho wa mwaka kwenda Bukavu kusomea ualimu, na Ticha alinipa daftari lake kama zawadi ya njia, nikalichoma moto kwenye sigiri ya mwenye nyumba wangu. Yeye aliishia kukaa na meza ndogo karibu na baryeri, akiwajazia watu fomu za Kifaransa, karibu miaka ishirini. Nilipita pale mara nyingi nikiwa kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, na mara nyingi nilimwambia dereva asisimame.

Kwa hiyo juzi, baada ya maziko, tuliporudi nyumbani kwa marehemu na wanawake wakaanza kugawa wali na sombe, nikamwona Mama Pascal. Amekonda, mgongo umeinama kidogo, lakini ile sauti nzito haijabadilika. Nilikwenda nikaketi kando yake kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiapiza kumwambia, nikamwambia, bila kuzunguka: kwamba Ticha alinifichia, kwamba mkono ulioondoa sikio ulikuwa wangu, kwamba nilifanya hivyo kwa kutojua na kwa kuona haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka sahani chini, akainuka, akaenda kisimani kuosha vyombo pamoja na wengine, na alinipa mgongo muda mrefu sana. Mimi nilikaa. Sombe ilipoa mbele yangu na sikuweza kuila.

Aliporudi mikono yake ilikuwa bado ina maji. Aliifuta kwa kitenge, akatoa simu, akanipa bila kuniangalia.

“Pascal aliandika,” alisema. “Muntu wa Sange alinipatia namba yake. Iko wiki mbili sasa. Macho yangu haione muzuri tena, na sikutaka batoto ba jirani banisomee. Weye soma. Hakuna mwingine hapa mwenye anajua habari ya sikio.”

Ulikuwa ujumbe wa mistari minne. Alimshukuru kwa kumtafuta. Alitumaini yu mzima. Alisema kwa bahati mbaya hakumbuki mengi ya wakati ule, mama aliyemlea hapendi kuyazungumza, na anamtakia kila la heri. Niliutafsiri wote, sikupunguza wala sikuongeza, na nilipomaliza niliona kwamba sentensi ya kwanza na ya mwisho zingeweza kutoka katika lile daftari.

“Iko na makosa?” aliniuliza.

“Hapana. Haina hata moja.”

Alitikisa kichwa kama aliyetegemea hivyo. Akaniambia niandike jibu, lakini yeye ndiye atasema. Akasema kwa Kiingereza, Kiingereza chake, alichokihifadhi miaka yote hiyo bila kupata mtu wa kukisemea: “Pascal, you don't sleep if you don't catch my ear. Nyota have the fire in the foot left. Me I am here.” Niliandika vilevile. Kidole changu kilisimama mara moja, kwenye ule moto wa Nyota, nikakilazimisha kiendelee. Nikamsomea. Akasema tuma.

Alama mbili zilitokea, kisha zikawa za buluu. Juu kabisa, chini ya jina la Pascal, ilijitokeza ile ishara kwamba anaandika. Nilimwonyesha Mama Pascal, akasogea, bega lake likagusa langu, tukaitazama pamoja. Ilikaa kidogo ikapotea. Ikarudi. Ikapotea. Wanawake walimaliza vyombo, wakakunja mikeka ya upande wa pili, mtu akaja kuuliza kama tumekula. Skrini ilizima mara kadhaa nami nikaiwasha kila mara.

“Iko jibu?” aliuliza.

“Bado, Mama Pascal,” nikasema.